Barua kwa Mwalimu: Kelele huanzia kwenye foleni ya madaftari

Tangu shule zilipofunguliwa Januari, sehemu kubwa ya barua zinazofika kwenye ukurasa huu imehusu jambo moja, namna mwalimu anavyoweza kulishika darasa lake. Nimechagua tano, nne za walimu na moja ya mzazi, nikazifupisha na kuondoa majina ya watu na ya shule, kwa kuwa mwalimu anayekiri kwamba darasa limemshinda hastahili kutambuliwa na mthibiti ubora kupitia jarida.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya katika shule ya msingi wilayani Kaliua, mkoani Tabora. Nimepewa Darasa la Tatu lenye wanafunzi 94 na madawati 24. Chuoni tulijifunza kuandika andalio la somo na kutengeneza zana, lakini hakuna aliyetuambia la kufanya watoto 94 wanapozungumza kwa wakati mmoja. Nawakemea mpaka sauti inakauka kabla ya saa nne asubuhi. Wenzangu ofisini wananiambia nichonge fimbo. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa koo. Kiwango kilichowekwa na serikali ya Tanzania ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Wewe unao zaidi ya mara mbili ya hao, na hali hiyo haikuanza na wewe. Madarasa yalifurika wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mwishoni mwa miaka ya 1970, yakafurika tena ada ilipofutwa katika shule za msingi mwaka 2001, na mara ya tatu michango ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, na kila mara watoto walifika kabla ya vyumba na walimu. Kwa hiyo usijihesabu kuwa mwalimu mbaya kwa sababu ya idadi ambayo hukuipanga.

Hata hivyo, hesabu hiyohiyo ndiyo itakayokuonyesha kelele zinatoka wapi. Kipindi chako ni cha dakika 40. Ukigawa madaftari kwa kuita jina mojamoja, na kila mtoto akatumia sekunde 5 kuitika, kunyanyuka, kupenya kati ya wenzake na kurudi, umekwisha kutumia sekunde 470, yaani karibu dakika 8, ambazo ni moja ya tano ya kipindi kizima, na katika muda wote huo mtoto mmoja ana kazi ya kufanya na 93 hawana. Mtoto wa miaka tisa asiyepewa kazi hujitafutia, na kazi iliyo karibu naye kuliko zote ni sikio la jirani. Nilipokuwa na darasa la ukubwa huo niliomba tyubu kuukuu kwa fundi baiskeli, nikaikata vipande vyembamba vya mviringo, na kila kundi la watoto kumi na wawili hivi nikalifungia madaftari yao pamoja. Viongozi wanane wa makundi walichukua mafungu yao mezani kwangu, na ugawaji ukawa unaisha kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni. Kukusanya kulifuata njia ileile kwa kurudi nyuma: daftari lilipita mkono kwa mkono hadi kwa kiongozi, na hakuna aliyenyanyuka.

Jambo la pili ni foleni ya kusahihishiwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi sikuona kitu kinachovuruga darasa kubwa kama foleni hiyo. Mwalimu ameketi mezani na kalamu nyekundu. Wa kwanza kumaliza hesabu anakuja, wa pili anasimama nyuma yake, na baada ya dakika mbili meza imezungukwa na watoto kumi na watano wanaosukumana, kila mmoja akinyoosha daftari lake juu ya kichwa cha mwenzake na kusema, "Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi!" Wakati huo mwalimu halioni tena darasa, anaona vifungo vya mashati. Nyuma ya ukuta huo wa watoto, karibu themanini waliobaki wanajua vizuri kwamba hawaonekani.

Ifute foleni hiyo kuanzia kesho, na badala ya wao kukujia, wewe uwaendee. Najua utaniuliza utapita wapi. Madawati 24 ya watoto watatu watatu yanachukua watoto 72, kwa hiyo 22 wanaketi sakafuni, na sina shaka kwamba ni walewale kila siku, wadogo, wapole na wanaotoka mbali. Waketishe hao wa sakafuni mbele kabisa, karibu na ubao, siyo nyuma wala katikati ya njia. Kisha sogeza madawati mpaka upate njia mbili, moja ya katikati na nyingine ya kufika ukuta wa nyuma. Kila Jumatatu makundi yabadilishane nafasi, kundi zima lihame pamoja, ili sakafu iwe zamu na isiwe hukumu. Ukishapata njia, pita na kalamu yako begani mwa watoto huku wakifanya kazi, ukisahihisha kikamilifu makundi mawili katika kipindi kimoja, na wengine wabadilishane madaftari na kusahihishana kwa majibu utakayoandika ubaoni. Kwa mpangilio huo kila mtoto atakuwa amepitiwa na jicho lako kila baada ya vipindi vinne, jambo ambalo foleni haikulifanya kamwe, kwa kuwa foleni huwanufaisha wenye viwiko vikali.

Kuhusu sauti, kosa ulilonalo ni la karibu kila mwalimu mpya: unasema huku wao wanasema, na kwa kufanya hivyo unawafundisha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja. Chagua ishara moja na usiibadilishe. Mimi nilipiga makofi mawili, watoto wakajibu kwa matatu na kuweka mikono juu ya dawati, na sikutamka neno lolote mpaka sauti ya mwisho iliponyamaza. Juma la kwanza nilingoja hata dakika mbili nzima, nikiwa nimesimama palepale bila kununa na bila kutabasamu. Kufikia juma la tatu kungoja huko kulikuwa pumzi mbili tu. Jambo jingine dogo ni kwamba watoto wakirudi kutoka mapumzikoni wakute hesabu tatu zimekwisha kuandikwa ubaoni, na zile tatu ziwe rahisi, ili kila mmoja aweze kuanza bila kukuuliza. Na wakati wa kuandika ubaoni simama ubavu, usiwape mgongo.

Mwisho, chora ramani ya makundi yako na ujifunze majina sita kila siku ya shule. Siku ya 16 utakuwa umeyamaliza. Jina la mtoto likitamkwa kwa sauti ya kawaida kutoka upande wa pili wa chumba hufanya kazi ambayo "wewe mwenye sweta" haitaifanya hata ukiipigia kelele mara kumi. Na fimbo ya kuchonga iache. Sababu zake nimezieleza kwa mwenzako anayefuata.

Swali: Mwalimu, naandika kutoka Kilosa, Morogoro, na nina miaka 11 kazini. Nimesoma majibu yako ya nyuma na naona unawadanganya vijana. Darasa la Sita bila kiboko haliendi. Wazazi wenyewe wanatuletea fimbo shuleni na kutuambia, "Mfunze huyu." Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Je, unawapinga wahenga?

Jibu: Siwapingi, mwalimu mwenzangu. Methali hiyo inamwonya mtu anayeogopa machozi ya mtoto, lakini haikusema machozi hayo yatoke kwa fimbo. Mtoto anayebaki na mwalimu baada ya masomo kumalizia kazi aliyoikwepa naye hulia, tena hulia akiwa ameifanya kazi.

Nianze na sheria, kwa sababu nimegundua kwamba wengi wanaozunguka na fimbo darasani hawajawahi kuzisoma kanuni wanazodhani zinawalinda. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotangazwa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 zinasema adhabu hiyo ni ya makosa makubwa ya nidhamu; hutolewa na mkuu wa shule, au na mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi na kwa idhini yake kila mara; viboko havizidi vinne; mwanafunzi wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike; na kila tukio huandikwa katika kitabu, likitajwa jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, na mkuu wa shule akaweka saini. Sasa tazama fimbo iliyoegemezwa pembeni ya ubao wako. Je, hesabu ya sehemu iliyokosewa ni kosa kubwa la nidhamu? Kitabu kiko wapi, na saini ya mkuu wako ya jana iko ukurasa wa ngapi? Mzazi aliyekuletea fimbo hakukuletea idhini, kwa sababu hana idhini hiyo ya kutoa.

Lakini tuseme sheria ingekuruhusu. Ningekuambia bado kwamba fimbo haifanyi kazi unayoidhania. Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyarekodi madarasa kwa kamera na kuchapisha matokeo yake mwaka 1970, akitafuta tofauti kati ya walimu wenye madarasa tulivu na wale wenye madarasa ya fujo. Alianza akidhani jibu liko katika namna mwalimu anavyomkemea mkosaji, lakini mwisho wake aliona kwamba kemeo halikuwatofautisha walimu hao hata kidogo. Walitofautiana katika yale waliyoyafanya kabla ya kosa: wenye madarasa tulivu walijua kinachoendelea kila pembe na watoto walijua kwamba wanajua, walihama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kukwama, na waliwapa watoto kazi ya kuwashughulisha. Nilipoyasoma haya nilikuwa nimekwisha kufundisha zaidi ya miaka ishirini, na nilisikitika kwamba sikuambiwa mapema.

Nami nilichapa. Nitakusimulia mara moja tu, katika shule ambayo sitaitaja, miaka ya mwanzo ya kazi yangu. Kulikuwa na mvulana wa Darasa la Nne aliyeketi dawati la mwisho kwa sababu ya urefu wake. Kila nilipomuuliza swali alijibu jambo jingine kabisa. Siku moja niliuliza Mto Rufiji unaishia wapi, akasimama kwa adabu zote akajibu, "Alhamisi." Darasa lilianguka kwa kicheko, naye akacheka pamoja nao, nami nikaamini kwamba ananidhihaki. Nilimchapa viwili mkononi. Hali hiyo iliendelea karibu muhula mzima, na ofisini tulikuwa tumekwisha kumpa jina la mzaha. Kisha mvua za masika zikaanza, bati la nyuma likawa linavuja, nikawahamishia mbele watoto wa dawati la mwisho, na mvulana yule akaketi hatua mbili kutoka nilipokuwa nikisimama. Nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Sikio lake la kushoto lilikuwa na kipande cha pamba kilicholowa usaha, na la kulia, nilipomjaribu kwa kunong'ona, halikuwa zima sana. Kutoka mbele alijibu maswali sita kati ya saba. Jioni ileile nilikwenda kwa mama yake, ambaye alishangaa kwamba sikujua. Alikuwa amemwambia mwalimu wa Darasa la Kwanza, akadhani walimu huambiana.

Tangu hapo nilijiwekea desturi ya kujiuliza mambo matatu kabla ya kumwita mtoto mkorofi: anaona, anasikia, na amekula nini tangu jana. Mara nyingi jibu la mojawapo lilimaliza kesi. Pale lisipoimaliza, nilipanda ngazi polepole. Kosa dogo nililijibu kwa kusogea karibu na dawati bila kukatiza somo. Lililorudiwa nililijibu kwa kumbadilishia mtoto nafasi na kuzungumza naye peke yake wakati wa mapumziko. Na kosa kubwa, la kupigana au kuiba, nililipeleka kwa mwalimu wa nidhamu na kumwita mzazi, nikiwa nimeandika tarehe na tukio, siyo hasira zangu.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko Darasa la Tano, Temeke, na mwaka huu amechaguliwa kiranja. Mwalimu anapotoka, yeye huandika ubaoni majina ya wapiga kelele, na aliyeandikwa hupewa adhabu. Juma lililopita alirudi nyumbani sketi imechanika, wamemvizia njiani. Na jana nilipofua begi lake nilikuta pakiti sita za ubuyu ambazo sikumnunulia. Nimtoe katika ukiranja?

Jibu: Marahaba, mama. Pakiti hizo sita zimenifanya nicheke na kuhuzunika kwa pamoja, kwa sababu karibu kila aliyesoma shule ya msingi nchini anaujua ubao ule: neno "Wapiga kelele" limepigiwa mstari, majina yamepangwa chini yake, na mbele ya jina la asiyekoma alama za mkasi zinaongezwa mojamoja. Kila anayeujua anajua pia kwamba jina hufutika kwa karanga, kwa barafu au kwa ubuyu, kutegemea mtaa. Binti yako amepewa akiwa na miaka kumi au kumi na moja kazi ya polisi, ya shahidi na ya karani wa mahakama, kisha akaachwa arudi nyumbani kwa miguu pamoja na washtakiwa.

Usimwadhibu kwa ubuyu kabla hujamsikiliza. Huenda hakuomba, huenda aliogopa kukataa. Nenda kwa mwalimu wa darasa mwenyewe, wakati wa utulivu, usiende wakati wa mstarini mbele ya watoto, umweleze habari ya sketi na ya njiani, na uombe mambo mawili: kwamba orodha ile ikome, na kwamba binti abaki kiranja kwa kazi nyingine. Ukimtoa sasa, waliomvizia watajua kwamba kuvizia kunalipa.

Kwa walimu wanaosoma ukurasa huu, naongeza kwamba orodha ya wapiga kelele haina thamani hata kama kiranja ni mwaminifu kama malaika. Mwalimu hakuwepo, hajui nani alianza, na anatoa adhabu kwa ushahidi wa mtoto mmoja mwenye marafiki na maadui zake humo ndani. Ukilazimika kutoka, acha kazi ubaoni yenye mwisho unaoonekana, "fanyeni namba 1 hadi 8, halafu chora ramani ya mkoa wetu," na ukirudi kagua kazi, usikague kelele. Kiranja agawe madaftari, afute ubao, aangalie dumu la maji lisikauke, na akuite mtoto akiumia. Kazi hizo zinamtosha.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Gredi ya Nane katika sekondari msingi huku Kilifi, nina miaka 24. Kuna mvulana mrefu kunishinda anayeigiza sauti yangu nikigeuka, na darasa lote hucheka. Kiboko sheria yetu imekikataza. Nimemtoa nje mara tatu na anarudi akiwa shujaa.

Jibu: Marahaba. Kenya imeharamisha viboko shuleni tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikavifanya kuwa kosa la jinai, kwa hiyo wewe umelazimika kujifunza mapema yale ambayo wenzako wa upande huu bado wanabishana nayo.

Mvulana huyo hacheki na wewe, ana hadhira yake, na kila unapomtoa nje unamjengea jukwaa kubwa zaidi. Mara ijayo akiigiza, usigeuke ghafla wala usiulize ni nani. Endelea na sentensi uliyokuwa ukiisema, tembea mpaka alipo, weka kidole kwenye ukurasa anaopaswa kuwa, kisha uondoke bila kumtazama usoni. Baada ya kipindi, wengine wakiwa wametoka, zungumza naye kwa dakika mbili mkiwa mmesimama bega kwa bega, labda mkipanga vitabu, kwa kuwa kijana wa umri huo akikabiliwa uso kwa uso hujiona yumo vitani. Mwambie unachokiona na unachokitaka, kwa sentensi mbili, bila kumwomba akuombe radhi. Majuma mawili yakipita bila kisa, mpe mazungumzo ya kusoma kwa sauti katika somo la Kiswahili. Mtu anayeweza kuigiza sauti ya mwalimu ana kipaji ambacho darasa linaweza kukitumia. Asipewe kabla ya hapo, maana wenzake watadhani ametuzwa kwa kukudhihaki.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi nina tatizo la kinyume. Nafundisha Baiolojia Kidato cha Kwanza katika sekondari ya kata huku Kasulu, na darasa langu liko kimya kama kaburi. Nikiuliza swali, hakuna mkono. Nikimtaja mmoja, anasimama, anaangalia chini, nami nabaki nimesimama naye. Wenzangu wanasema ni kiburi cha watoto waliofaulu. Niwafanyeje wachangamke?

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi wanadhani darasa tulivu ni darasa lililoshikika, na wewe umekuwa mkweli wa kuona kwamba ukimya huo ni fujo ya namna nyingine.

Watoto hao si wenye kiburi. Kwa miaka saba walifundishwa sayansi kwa Kiswahili, wakafanya mtihani kwa Kiswahili, na walipovuka geti la sekondari lugha ya kufundishia ikawa Kiingereza. Wengi wao wa mkoa wako walianza hata Kiswahili chenyewe wakitokea kwenye Kiha. Jaribu jambo hili Jumatatu. Katika mada ya huduma ya kwanza, uliza kwa Kiingereza jinsi ya kumsaidia mtu anayetokwa na damu puani, na uhesabu mikono. Kisha waulize swali lilelile kwa Kiswahili. Utaona darasa zima limeinuka: mwingine atakuambia akae na kuinamisha kichwa mbele, mwingine abane pua, mwingine atabisha kwamba bibi yake humlaza chali, na hapo umepata kosa la kulisahihisha, ambalo katika ukimya lisingejitokeza kamwe. Maarifa walikuwa nayo. Mlango ndio uliokuwa umefungwa.

Kwa hiyo wape mlango. Sina haja ya kukushauri uvunje utaratibu wa lugha ya kufundishia, na mtihani wao utakuja kwa Kiingereza tupende tusipende, lakini hakuna utaratibu unaokuzuia kuwapa dakika mbili wazungumze wawili wawili kwa lugha wanayoiweza kabla ya kujibu kwa ile wanayojifunza. Wakati wakizungumza, andika ubaoni mwanzo wa sentensi ya Kiingereza ambayo jibu lao litaikamilisha, pamoja na maneno manne au matano mapya ya somo. Mwanafunzi akisimama hatakuwa na kazi mbili, ya kufikiri na ya kuunda sentensi kutoka hewani. Nusu ya pili utakuwa umemshikia. Na kama shuleni kwenu bado ipo ile desturi ya kumvisha kibao shingoni aliyesikika akisema Kiswahili, zungumza na mwalimu wa taaluma ikomeshwe, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kwamba kusema ni hatari hatachagua ni wakati gani hatari hiyo imeisha.

Jambo la mwisho ni muda. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakuta kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto ambao hawakuwa wakijibu walianza kujibu. Hao, kwa sehemu kubwa, walikuwa watoto waliofundishwa kwa lugha yao ya nyumbani. Wako wanalipokea swali kwa Kiingereza, wanalipeleka kwenye Kiswahili, wanatafuta jibu, kisha wanalirudisha, kwa hiyo sekunde tatu zao ni kidogo mno. Uliza, kisha hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ukiwa umeshika chaki na kuutazama ukuta wa nyuma, wala usimkazie macho mwanafunzi yeyote. Ukifika saba utatamani sana kusema kitu. Usiseme.